Moshi wa Vyombo vya Mama Aline

Siku familia yetu ilipokutana kuamua kama wifi yangu alikuwa amenilisha sumu, mimi nilikuwa chumba cha pili, nimekaa kwenye stuli, viwiko juu ya magoti, nikisikia kila neno. Nilitaka kumtetea. Sikuwa na pumzi ya kumaliza sentensi moja.

Ninaandika haya sasa ninapopumua vizuri, kwa ajili ya mtu ambaye kifua chake kinapiga filimbi, na zaidi kwa ajili ya wale wanaoishi naye nyumba moja. Mimi si daktari. Nasoma habari katika redio ndogo ya mtaa hapa Goma: matangazo ya vifo, watoto waliopotea, barabara zilizofungwa na zilizofunguliwa. Kazi hiyo imenizoesha kuuliza kitu gani kilitangulia kingine. Katika ugonjwa wangu swali hilo ndilo lililoniokoa, lakini kabla ya kuniokoa lilikaribia kumwangamiza mtu mwingine.

Yote yalianza puani. Tangu ujana nilikuwa mtu wa leso. Nikiamka napiga chafya mfululizo mpaka watoto wanacheka, pua inatiririka, macho yanawasha, na ndani kabisa ya masikio kuna mwasho ambao kidole hakiufikii. Nilikuwa na mkunjo juu ya pua kwa sababu ya kuisugua kwa kiganja kwenda juu. Redioni walinibandika jina la Mama Mafua. Fundi wetu wa mitambo, Papa Deo, aliweka wimbo tayari kando ili chafya zikianza aupandishe upesi, na wasikilizaji walidhani ndio mtindo wetu wa kusoma habari. Hakuna aliyeuita huo ugonjwa, hata mimi. Vumbi la mji wetu ni jeusi, linatoka kwenye mawe ya lava tunayojengea na tunayokanyaga, na wakati wa kiangazi kila mtu ana mafua kidogo. Harufu ndiyo nilikuwa siijui. Maharage yakiungua jikoni, mimi ndiye wa mwisho kupata habari.

Kisha mlima ukapasuka. Ile Jumamosi jioni anga liligeuka jekundu upande wa Nyiragongo, lava ikashuka, ikasimama kabla ya kufika kwetu Murara. Lakini ardhi iliendelea kutetemeka, kuta zikapasuka, vumbi likabaki hewani, na amri ikatoka kwamba tuondoke mjini. Tulitembea kuelekea Sake, mimi, watoto wangu wawili, na mama yangu mwenye sufuria kichwani na Biblia ndani ya sufuria. Mume wangu alikuwa kazini Butembo na barabara hazikumruhusu kurudi. Tulilala katika darasa la shule pamoja na familia nyingine nyingi, na wanawake walipika kwa makala, yaani makaa, mlangoni kwa sababu nje kulikuwa na mvua.

Hapo ndipo kifua kilipojifunga kwa mara ya kwanza. Asiyewahi kupatwa anadhani hewa inakataa kuingia. Hapana, inakataa kutoka. Unavuta, unavuta, na ya zamani bado imejaa ndani. Mabega yanapanda yenyewe mpaka karibu na masikio. Shingo inachoka kama umebeba gunia. Mwanangu wa kwanza aliniuliza kwa nini nalia kama paka, nami sikuweza kumjibu. Mama alinitoa nje kwenye mvua, akanisugua mgongo, na polepole ikaachia. Tulisema ni vumbi la volkano. Tulisema tukirudi nyumbani itaisha.

Tulirudi, haikuisha. Ilikuwa inakuja na kwenda, na nikaanza kuangalia inakuja lini.

Hapa lazima nimweleze Mama Aline. Ni mke wa kaka yangu Bosco, na wanakaa parseli, yaani kiwanja, ya nyuma yetu, ng'ambo ya ukuta wa mawe. Ni mtoto wa wafugaji wa milima ya Masisi. Maziwa yanamjia asubuhi katika madumu kutoka huko juu. Mengine anauza Birere, mtaa wa biashara, mengine anayagandisha nyumbani, na hayo ya kugandisha hayaweki katika plastiki. Ana vyombo vya mti alivyoachiwa na bibi yake. Kila alasiri, akishaviosha, anavifukiza: anachoma majani makavu yanayotoka kwao, anafunika moshi kwa mdomo wa chombo mpaka mti ushibe. Maziwa yaliyokaa humo hayaharibiki upesi, tena yana ladha ambayo wateja wanaifuata kutoka mitaa ya mbali. Kwake yeye chombo kisichofukizwa ni kichafu, hata kingeoshwa mara ngapi.

Nikitoka redioni nilikuwa napita kwake. Naingia jikoni, nakaa karibu yake, tunasema habari za watu, ananimiminia kikombe. Kwetu anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele yako ndipo anakupa. Ni heshima, na pia ni hakikisho, kwa sababu katika mji huu watu wanaogopana. Mama Aline hakuwahi kusahau. Anapiga funda, anapangusa ukingo wa kikombe kwa kidole gumba, ananikabidhi.

Na jioni yake kifua changu kinafunga.

Nilianza kwenda hospitali. Nimekaa katika mabenchi ya kungojea mengi kiasi kwamba nayajua kwa mbao zake. Walinipima malaria, nikanywa dawa ya malaria. Walinipima makohozi kutafuta kifua kikuu, hakikuonekana, lakini jirani aliyeniona katika benchi hilo alienda kusema alichotaka kusema. Nilipewa siropu ya kikohozi, nyekundu, kisha ya kahawia. Nilipungua mwili. Sauti yangu, ambayo ndiyo kazi yangu, ilikuwa inatoka kwa vipande, na Papa Deo alianza kunipa matangazo mafupi tu. Usiku nililala nimekaa, nimeegemea mto uliokunjwa ukutani.

Mama yangu hakusoma sana, lakini katika kuunganisha mambo hakuna mwandishi wa habari anayemshinda. Siku moja alikaa mbele yangu, akakunja kitenge chake vizuri, akaniuliza taratibu.

"Unakunywaka kwa nani?"

Nikamjibu kwamba nakunywa kwa Mama Aline.

"Na ukitoka kule, unalalaka muzima?"

Nami nilikuwa nimeliona hilo. Nikasema, "Lakini Mama, anaonjaka mbele yangu."

"Mwenye kuweka iko na dawa yake ya kuifungua. Anaweza kunywa kikombe yote na asifanye kitu. Kufa ni wewe tu."

Ndipo neno lilipoingia nyumbani kwetu. Karuho. Watu wa Kivu hawahitaji maelezo. Kwa wengine, ni jina la sumu ya polepole ambayo mtu anaaminiwa kulishwa katika kinywaji: anakohoa, anakonda, anakwisha, na hospitali haioni kitu. Ugonjwa wangu ulivaa jina hilo kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Mama alimleta muzee mmoja mwenye kutapisha karuho. Alininywesha kitu kichungu cha kijani, nikatapika katika beseni. Alichokoa ndani kwa kijiti, akainua uzi mmoja, akawaonyesha watu waliosimama: hii hapa. Mimi niliutambua uzi ule. Ulikuwa wa lengalenga, mchicha wetu, niliyokula mchana. Nilisema hivyo, kwa pumzi niliyokuwa nayo. Muzee alinitazama kwa huruma, akawaambia wenzangu kwamba karuho yenyewe ndiyo inayomfanya mgonjwa aitetee.

Baada ya hapo habari ilishuka mpaka Birere bila mimi kuisoma redioni. Wateja wa Mama Aline walianza kupita mbele ya dumu lake kana kwamba hawamjui. Mmoja aliyekuwa amekwisha kununua alimwaga maziwa barabarani mbele yake. Mama Aline alilifunga dumu lake. Alirudi nyumbani, akaosha vyombo vyake, akavifukiza kama kawaida.

Ndiyo maana familia ilikutana. Wajomba walikuja kutoka upande wa Rutshuru, Bosco akakaa karibu na mlango, Mama Aline akaitwa. Alikuja na maziwa. Alimimina, akaonja mbele ya wote, kisha akanywa kikombe kizima mpaka chini, akakiweka juu ya meza. Nilisikia kilipogusa mbao. Nikasikia pia mama akirudia maneno yake ya dawa ya kufungua. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuna kitu ambacho wifi yangu angeweza kufanya kwa mikono yake kikaonyesha kwamba hana kosa.

Mjomba mkubwa alitoa uamuzi kwa upole, kama mtu anayegawa chakula: Mama Aline arudi kwa wazazi wake Masisi, akae huko mpaka mimi nipone au nisipone. Wakati huo mapigano yalikuwa yamekwisha kupita Rumangabo yakishuka upande wetu, na kwenye barabara ya Masisi mimi mwenyewe nilikuwa nikisoma kila siku majina ya mahali ambapo magari hayafiki tena. Wote katika chumba kile walikuwa na redio.

Mama Aline alisema maneno mawili tu. "Kama ni miye, munitume leo. Kama haiko miye, nani atarudisha jina langu?"

Bosco ndiye aliyesimama, kaka yangu ambaye hapendi kusema mbele ya wakubwa, akaomba kitu kimoja: kwanza nipelekwe hospitali nyingine, kwa daktari anayejua vifua. Akiona ugonjwa wa kawaida, mke wake abaki. Asipoona, yeye mwenyewe atampeleka Masisi kwa miguu. Wajomba walikubali. Mama alikubali kwa kichwa, bila sauti.

Kwa hiyo nilipoketi katika benchi la hospitali hiyo, sikuwa nimebeba kifua changu peke yangu.

Ukumbi ulijaa watu wa kambi za wakimbizi, akina mama wenye watoto wanaokohoa, vijana wawili wenye bandeji. Jirani yangu alikuwa mwanamke wa Masisi nisiyemjua. Aliponiona nimeinama, alichana kipande cha boksi la sabuni, akanipepea muda wote hadi jina langu lilipoitwa. Sikujua jina lake, hata shukrani yangu ilikuwa ya kunyanyua mkono. Muuguzi hakungoja zamu. Alichukua chupa ya maji ya plastiki, akaitoboa kitako, akachomeka pompi ndogo ya buluu ya kupulizia dawa, akaniambia niweke midomo kwenye mdomo wa chupa na kuvuta polepole. Nilivuta. Baada ya muda mfupi mabega yangu yakashuka. Nilikuwa nimesahau kwamba mabega yana mahali pake pa kukaa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vya mvua. Wengine wote walikuwa wameniuliza ninakula nini na ninakunywa nini. Huyu aliniuliza ninavuta hewa ya wapi.

Nani anapika, na kwa moto wa nini? Pua inaanza kabla ya kifua au baada yake? Nikiwa mtoto nilikuwa na upele wa kuwasha? Darasani kule Sake, moto ulikuwa upande gani? Nilimweleza yote kwa mpangilio, na nilipofika jikoni kwa Mama Aline, nilijisikia mimi mwenyewe nikisema: ninakaa karibu yake anapofukiza vyombo. Nilikuwa nimeitazama habari hii miezi yote nikimwangalia mtu na kikombe. Moshi uliokuwa kati yetu sikuwahi kuuhesabu, maana ulikuwepo siku zote, na pua yangu haikuwahi kuniambia kwamba upo.

Nikamwuliza kama ninaweza kuwa nimelishwa kitu.

"Umelishwa moshi, mama," alisema. "Na vumbi. Kwa njia ya pua."

Alinipulizisha katika bomba lenye mshale wa kupima pumzi, akanisikiliza mgongo, akasema nina pumu, na yale mafua ya miaka yote ni ya mzio. Akasema si magonjwa mawili. Ni nyumba moja ya orofa mbili, pua juu, kifua chini, na moto ukiwaka juu, chini nako hakulaliki. Kisha akanieleza dawa. Pompi ya buluu ni ya kufungua kifua kikishafunga, nitembee nayo kila mahali. Ipo pompi nyingine ya kutuliza uvimbe, ya kila siku, nayo ndiyo angetaka ianze, lakini mjini ilikuwa haipatikani kwa sababu ya barabara. Ikipatikana atanipa. Kwa sasa kuna kidonge cha jioni kinachosaidia orofa zote mbili, montelukasti.

Nilimwomba anieleze kinafanya nini, kwa sababu nyumbani wangeniuliza.

"Mwili wako una walinzi wakali kupita kiasi," alisema. "Ukivuta moshi, wanatoa kitu kinaitwa leukotrieni. Kikifika kifuani kinabana mirija na kuleta makohozi. Kikifika puani kinavimbisha. Kidonge hakikizuii kutoka. Kinatangulia kukaa kwenye kiti chake. Leukotrieni ikifika, inakuta mtu amekwisha kukaa."

Alinionya mambo matatu na akanitaka niyarudie kwa mdomo wangu. Kidonge si cha kuokoa mtu aliyebanwa, hiyo ni kazi ya pompi, na pompi ikishindwa nikimbilie hospitali. Nikimeze kila jioni hata nikijisikia mzima. Na nikianza kuota ndoto mbaya au kuwa na huzuni au hasira isiyo yangu, nirudi kumwambia bila kungoja.

Bosco alikuwa ameingia nami. Nje ya mlango alisimama, akaufunika uso kwa kofia yake kwa muda, kisha akaenda kutafuta pikipiki ya kutupeleka nyumbani.

Wajomba walilipokea neno la daktari. Mama Aline alibaki. Siku ileile alihamisha kazi yake ya moshi mpaka pembe ya mwisho ya parseli, nyuma ya choo, mahali upepo unapochukua moshi mbali na kwetu, na akawa anaifanya asubuhi nikiwa redioni. Nilimwuliza kama hangeweza kuiacha tu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama angeweza kupika bila moto. Akasema ataisogeza mpaka ziwani nikitaka, lakini maziwa ya bibi yake hayatalala katika chombo uchi.

Kidonge kilianza kwa ukimya. Hakuna siku niliyosema leo kimefanya kazi. Kwanza watoto waliacha kucheka asubuhi kwa sababu hakukuwa na chafya za kuchekwa. Kisha nikagundua nimeamka nikiwa nimelala chali, kitu ambacho sikukifanya tangu kabla ya mlima kupasuka. Siku nyingine redioni nilisoma tangazo refu la kifo, lenye watoto na wajukuu wote wa marehemu na mahali walipo, mpaka mwisho. Nilipoinua macho, Papa Deo alikuwa bado ameshika kitufe cha wimbo wake.

"Mama Mafua," alisema, "sasa miye nitafanya kazi gani?"

Halafu harufu. Ilikuja asubuhi moja ya mvua nikiwa njiani kwenda kazini, nikapita nyuma ya parseli ya Bosco. Kulikuwa na kitu hewani, kitamu kidogo, kikavu, kama nyasi zilizolala juani na asali mbali sana. Nilisimama kutafuta kinatoka wapi. Ilikuwa mkia wa moshi wa vyombo vya Mama Aline, ukienda zake upande mwingine. Nilikuwa nimekaa ndani ya moshi ule miaka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuujua unanukiaje. Niliziba pua kwa fulari yangu ya shingoni, nikaondoka haraka kama nilivyoagizwa, lakini nilicheka peke yangu njia nzima.

Mama hakucheka. Aliniona ninapona na akashukuru Mungu kwa sauti, kanisani, mbele ya watu. Lakini kwake pumu lilikuwa jina tu. Aliuliza: na kama ni pumu, nani aliituma? Kidonge chenyewe kilimtia mashaka. Kwetu dawa ina mwisho. Ya malaria unaimeza, inaisha, umepona. Dawa ambayo unaendelea kuimeza ukiwa mzima ilikuwa, machoni pake, ugonjwa mwingine. Kiangazi kilipoanza nami nikiwa natembea bila kuhema, alinishawishi nipumzike nayo. Nami nilikuwa nimechoka kuwa mgonjwa, nikakubali upesi.

Vumbi jeusi lilipoinuka, pua ilirudi kwanza, kama mgeni anayejua njia. Kisha kifua. Nilibanwa mchana kweupe uani kwetu, pompi ikaniokoa. Mama alinishika mgongo kama kule Sake. Nilipoweza kusema, nilimwuliza swali moja tu, lile la kazi yangu: nimekunywa kwa nani? Alijua jibu. Tangu ule mkutano Mama Aline hakuwa amenimiminia hata tone, maana mwenyewe hakutaka, na mguu wangu haukuwa umekanyaga jikoni kwake. Mama alikaa chini. Alikunja kitenge chake, akakikunjua, akakikunja tena.

"Kamata kidonge chako," alisema.

Na jioni zilizofuata yeye ndiye aliyekuwa akinikumbusha.

Waasi walipoingia mjini tulijifungia ndani, familia zote mbili katika nyumba ya mama kwa sababu kuta zake ni za mawe mazito. Sitasimulia risasi. Waliokuwepo wanazijua, na wasiokuwepo hawatazijua kwa maneno yangu. Nitasema tu yaliyohusu kifua. Umeme ulikatika, maji yalikatika, tulipika ndani ya nyumba milango imefungwa, na vidonge vilikuwa vinaelekea kwisha. Nilikuwa pia naota ndoto mbaya, za watu wanaoita majina nisiyoweza kuyasoma. Daktari alisema nimwambie. Lakini nyumba nzima ilikuwa inaota. Bosco alipiga kelele usingizini, na yeye hakuwa anameza kitu. Nilipofanikiwa kumfikia daktari baadaye, tulilizungumza kwa kirefu, akanitazama macho, akaniambia tuendelee kwa uangalifu na nirudi kila mwezi. Ndoto zimepungua. Zilitoka kwenye kidonge au kwenye mji, hatujui.

Milio ilipotulia kidogo, Mama Aline alivaa kitenge, akachukua dumu tupu mkononi ili aonekane kama mwuza maziwa wa kawaida, akatoka. Bosco alitaka kumfuata, akamwambia wanaume ndio wanaosimamishwa. Tulikaa tukisikiliza barabara. Nilikuwa tayari nimeanza kupiga filimbi. Mama alikuwa karibu na dirisha, na nilimwona midomo ikitembea.

Alirudi jua likiwa bado juu. Famasi za Birere zilikuwa zimefungwa, nyingine zimevunjwa, lakini mwanamke mmoja mwenye famasi, aliyekuwa mteja wake wa zamani na aliyeacha kununua maziwa wakati wa maneno yale, alimfungulia mlango wa nyuma. Mama Aline alitoa boksi ndani ya kitambaa cha kubebea mtoto, na pompi mpya juu yake.

Alinivutisha pompi kwanza. Jioni ilipofika alimimina maji katika kikombe ili nimeze kidonge. Na hapo, kwa mazoea yake, alipiga funda la maji kabla ya kunipa, akapangusa ukingo kwa kidole gumba. Kisha akasimama na kidonge katika kiganja chake, kimoja, kidogo, kisichoweza kuonjwa na mtu mwingine. Chumba chote kilikuwa kinatazama kiganja kile. Alimgeukia mama yangu, hakunigeukia mimi, akangoja.

Mama alikitazama kikombe, kisha kidonge.

"Mupe," alisema. "Ameze."

Nilimeza.

Tangu siku hiyo kidonge changu cha jioni kinapitia mkono wa Mama Aline mara nyingi, na mama hageuzi uso. Pompi ya kutuliza imeanza kupatikana, natumia vyote viwili, napumua, nasoma habari ndefu. Maziwa ya Masisi yanashuka siku barabara inaporuhusu. Wateja wamerudi, si wote. Kwa yeyote ambaye mtu wake anakohoa na benchi halijampa jibu, ninaomba jambo moja: kabla ya kuuliza amekunywa kwa nani, ulizeni amevuta hewa ya wapi.

Jumapili baada ya kanisa Mama Aline anatuletea maziwa ya kuganda. Anamimina mbele yetu, anaonja, anagawa. Watoto wanakunywa, Bosco anakunywa, mimi nakunywa na kuomba tena. Cha mama anakiweka juu ya stuli karibu na kiti chake. Mama anasema asante, mutoto yangu. Wanaongea vizuri, juu ya bei, juu ya ndugu walioko kambini, juu ya Aline anayefanya mtihani. Utando unajikusanya juu ya maziwa. Wakati wa kuondoka Mama Aline anakusanya vikombe, na kila mara, hata Jumapili iliyopita, cha mama kinarudi kimejaa.